Kutibu bila kupima, kupima bila mume

Kuna neno linalozunguka katika nyumba zetu kama noti iliyochakaa, ambayo kila mtu huipokea na kuipitisha bila kuitazama. Neno hilo ni «infeksio». Mama akiumwa chini ya kitovu, huambiwa ana infeksio. Akikojoa kwa uchungu, infeksio. Akitokwa na maji machafu, akikosa mimba, mimba ikiharibika, mgongo ukimkaza baada ya siku nzima shambani, infeksio. Hakuna anayeuliza: infeksio ya nini? Imeonwa na nani, kwa chombo gani? Na nani mwingine anayo? Mama huandikiwa dawa, hulipa, hurudi nyumbani, na baada ya miezi mitatu huwa ameketi tena kwenye benchi lile lile.

Sisi walei wa chama hiki tumenyamaza juu ya jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu linahusu sehemu za mwili ambazo hatujazoea kuzitaja katika ukumbi wa parokia. Leo tunaona kwamba ukimya wetu haukulinda heshima ya mtu yeyote. Umelinda desturi mbili mbaya: kutibu bila kupima, na kumtibu mke peke yake.

Mama mmoja mwenzetu ametupa ruhusa ya kueleza habari zake, bila jina. Alikuja katika kikao cha wamama akiwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake ordonansi tisa za miaka minne. Tuliziweka juu ya meza, tukazisoma moja moja. Siprofloksasini, doksisiklini, metronidazoli, sindano za jentamisini, vidonge vya kuweka ukeni, kisha siprofloksasini tena. Katika karatasi zote tisa hakuna jina la kijidudu hata kimoja. Kipimo kilichofanywa ni cha mkojo tu, na jibu ni lile lile kila mara: chembe nyeupe nyingi. Katika karatasi zote tisa hakuna mahali palipoandikwa kwamba mume aitwe. Ili kuzilipia, mama huyu aliuza mbuzi wawili na cherehani aliyopewa na mama yake siku ya arusi. Mwaka uliopita alipigwa picha ya mirija ya uzazi katika hospitali kubwa, ikaonekana kwamba mirija yote miwili imeziba. Mganga akamwambia kwamba ni kovu la ugonjwa wa zamani. Ugonjwa gani? Hakuna awezaye kujua leo. Lakini familia ya mume wake inajua. Inasema aliuleta yeye kutoka ujana wake, na imeanza kuhesabu mahari.

Tunamkumbuka yule mwanamke wa Injili aliyetokwa damu kwa miaka kumi na miwili, ambaye mali yake iliishia mikononi mwa waganga na hali yake ikazidi kuharibika. Tumezoea kuhubiri imani yake. Ni mara chache mno tumehubiri juu ya wale waliochukua fedha zake.

Tuanze na yaliyo hakika. Yako magonjwa manne ya zinaa yanayopona kabisa kwa dawa: klamidia, kisonono (ambacho vijana wetu hukiita sofisi), kaswende na trikomonasi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizo mapya milioni 374 ya magonjwa hayo manne, yaani zaidi ya milioni moja kila siku. Wengi wao hawakuhisi kitu. Hapo ndipo shida yote inapoanzia. Mwanamume mwenye kisonono mara nyingi hutokwa na usaha, huungua akikojoa, na jioni hiyo hiyo hukimbilia famasi. Mwanamke mwenye kisonono kile kile mara nyingi hana dalili yoyote ya kumwamsha. Klamidia hunyamaza zaidi, hata kwa wanaume wengi. Inaweza kukaa mwilini miezi mingi, pengine kupita mwaka, huku ikipanda polepole kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mirija, na huko ikaacha kovu lisilofutika kwa kidonge.

Upande mwingine, maji machafu yanayomtoka mwanamke mara nyingi hayana uhusiano wowote na zinaa. Huwa ni fangasi, au mvurugiko wa vijidudu ambavyo huishi humo siku zote bila kudhuru, na jambo hilo linaweza kumpata mke mwaminifu wa mume mwaminifu. Basi tazameni ukatili wa desturi yetu. Yule asiye na ugonjwa wa zinaa, kwa kuwa anatokwa na maji, huandikiwa dawa za zinaa na hurudi nyumbani akiwa na shaka itakayoivunja ndoa yake. Yule aliye nao kweli, kwa kuwa hatokwi na kitu, hupita mbele ya mwuguzi bila kuulizwa neno. Wa kwanza anaaibishwa bure, wa pili anaharibika kimya kimya. Na wote wawili wamelipa.

Wauguzi wetu watatujibu, na wana haki ya kutujibu, kwamba hawakuibuni njia hii, bali walifundishwa. Ni kweli. Kutibu kwa kufuata dalili ni mwongozo uliotolewa kwa ajili ya mahali pasipo na maabara: mgonjwa asirudishwe nyumbani mikono mitupu, atibiwe siku hiyo hiyo dhidi ya vijidudu vinavyodhaniwa. Mwongozo huo ulikuwa na busara, na ulizaa matunda. Katika mkoa wa Mwanza, Tanzania, utafiti uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba vijiji vilivyopewa matibabu bora ya magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili vilipata maambukizo mapya ya virusi vya Sida pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko vijiji vingine. Kwa mwanamume anayetokwa na usaha, au mtu yeyote mwenye kidonda sehemu za siri, njia hii bado inafaa pale ambapo hakuna kingine. Lakini kwa mwanamke anayetokwa na maji, wanaojua kazi hii wamekiri kwa miaka mingi kwamba inakosea mno. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilitaka dawa ifuate kipimo popote kipimo kinapopatikana. Kile kilichowekwa kama ngazi ya kuvukia, sisi tumekifanya nyumba ya kulala.

Wala tusiambiwe kwamba kupima ni mambo ya Ulaya. Hapa Kongo tulianza zamani. Mjini Kinshasa, Projet SIDA, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 1984 hadi 1991, iliwafuata kwa miaka mitatu wanawake waliouza miili yao. Kila mwezi walipimwa katika maabara, hata yule ambaye hakulalamika lolote, na aliyekutwa na ugonjwa alitibiwa mara moja. Kazi hiyo ilihimiza pia kondomu, na hatuna sababu ya kulificha hilo. Maambukizo mapya ya virusi vya Sida kati yao yalishuka kutoka 11.7 hadi 4.4 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Uporaji wa Septemba 1991 ndio uliofunga mlango wa kazi ile. Tunalipima neno hili kwa uzito wake: zaidi ya miaka thelathini iliyopita, mwanamke wa mitaani mjini Kinshasa alipimwa kwa uangalifu mkubwa kuliko anavyopimwa leo mama wa familia katika vituo vyetu, ambaye mlango wa kituo chake una sanamu ya Bikira Maria juu yake.

Tunajua kwamba si kila kipimo kinapatikana kila mahali. Lakini tuseme wazi kipi kinahitaji nini, kwa maana uvivu umejificha nyuma ya umaskini. Usaha wa mwanamume ukipakwa kwenye kioo, ukatiwa rangi na kutazamwa kwa mikroskopi, huonyesha vijidudu vya kisonono viwili viwili ndani ya chembe za usaha. Kazi hiyo haihitaji mashine ya gharama, inahitaji mtu aliyefundishwa na asiye na haraka. Trikomonasi huonekana ikiogelea katika tone la maji ya ukeni, mradi tone hilo litazamwe mara moja. Likiachwa nusu saa juu ya meza, kijidudu hutulia, na mwenye maabara huandika kwamba hakuna kitu. Tumeona vioo vilivyochukuliwa asubuhi vikisomwa saa saba mchana. Hilo halitokani na umaskini.

Klamidia ni habari nyingine. Haionekani kwa mikroskopi yetu ya kawaida, na chembe nyeupe za mkojo hazimtaji mtu wala kijidudu: zinasema tu kwamba kuna mwasho mahali fulani, kama moshi unavyosema kuna moto bila kusema nyumba ya nani. Kumwambia mama «una infeksio» kwa sababu ya chembe hizo, kisha kumwandikia dawa tatu, ni kupiga ramli kwa koti jeupe. Hata hivyo, chombo cha kuitambua klamidia kiko karibu kuliko tunavyodhani. Katika hospitali nyingi za nchi yetu kuna mashine iitwayo GeneXpert, iliyoletwa kwa ajili ya kifua kikuu. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia mwaka 2018 hadi 2020, mashine za aina hiyo ndizo zilizotupa majibu, na sote tulijifunza kuyasubiri. Mashine hiyo hiyo, ikiwekwa kartushi nyingine, hutambua klamidia na kisonono kwa muda wa dakika 90 hivi, kutoka katika mkojo wa mwanamume au pamba ambayo mwanamke anaweza kujipitishia mwenyewe faraghani. Kartushi hizo ni ghali kwa familia zetu, hilo hatulikatai. Lakini nani amepiga hesabu ya ordonansi tisa, mbuzi wawili na cherehani?

Na kuna jambo moja ambalo halina udhuru wowote, si wa fedha, si wa mashine, wala wa barabara mbovu. Ni kaswende kwa mama mjamzito. Tone la damu kutoka kwenye kidole, kijiti kidogo, dakika kama 20, jibu limepatikana. Kiko hata kijiti kimoja kinachopima kaswende na virusi vya Sida kwa pamoja, nalo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kitumiwe katika ziara za kwanza za wajawazito. Mama akikutwa na ugonjwa mapema, sindano ya penisilini iitwayo benzathini, dawa ya zamani na ya bei ndogo, humwokoa mtoto. Akiachwa, mtoto anaweza kufia tumboni, au kuzaliwa kabla ya wakati, au kuzaliwa na ugonjwa katika mifupa na damu yake. Kwa mwaka 2016 ilikadiriwa kwamba, ulimwenguni kote, watoto zaidi ya 200,000 walikufa kwa ajili ya kaswende kabla ya kuzaliwa au wakiwa bado wachanga. Dawa inayowaokoa imejulikana tangu miaka ya 1940.

Sisi tunaojitangaza kuwa watetezi wa uhai tangu kutungwa mimba, tunaofanya novena na maandamano, je, tumewahi kwenda katika kituo chetu wenyewe siku ya CPN na kuuliza kama vijiti vya kaswende vipo? Tulikwenda, watu watatu kati yetu, katika kituo kimoja ambacho hatutakitaja. Vijiti vilikuwa vimekwisha tangu wiki kadhaa. Vya Sida vilikuwepo, kwa sababu wafadhili huvileta. Mwuguzi, dada mwenye bidii na mchovu, alitwambia kwamba aliandika ombi, kisha akaandika tena. Siku hiyo wamama ishirini na zaidi walipita. Walipimwa uzito, wakapimwa tumbo, wakaimba wimbo wa lishe bora, wakaenda zao.

Tukidai vipimo, tunadai pia visomwe kwa haki, maana kipimo kikisomwa vibaya huwa panga. Kijiti cha haraka cha kaswende hubaki na alama hata baada ya mtu kutibiwa na kupona: kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na ugonjwa, hakisemi lini. Zaidi ya hayo, buba, ule ugonjwa wa ngozi ambao wengi katika vijiji vyetu vya msituni waliupata wakiwa watoto, bila dhambi ya mtu, huacha alama ile ile. Klamidia nayo inaweza kuwa ilingia mwilini kabla ya ndoa, kwa mume au kwa mke, ikanyamaza hadi leo. Kwa hiyo mume anayeshika karatasi ya maabara na kumpiga nayo mke wake, akidai kwamba ni ushahidi wa uzinzi, anaidanganya karatasi. Maabara haina kiti cha hakimu. Inasema kijidudu kipo au hakipo, na yanayobaki ni maneno ya watu wawili mbele ya Mungu wao.

Tufike sasa kwa wababa, yaani kwa nusu yetu sisi tunaoandika.

Mke akitibiwa peke yake, hajatibiwa. Hilo ni jambo la hesabu tu: wawili wanashiriki kitanda, mmoja anakunywa dawa, wiki mbili baadaye anapokea tena kile alichokifukuza. Kila mwongozo wa matibabu ya magonjwa haya unataka mwenzi aitwe. Lakini mume husema: mimi siumwi. Au husema: ugonjwa huo ni wa wanawake. Au humtuma mtoto famasi achukue vidonge sita bila karatasi, ameze viwili, aone nafuu, vingine avitie mfukoni. Famasi zetu humwuzia bila swali. Ndivyo kisonono kilivyojifunza kuishinda penisilini, kikaishinda tetrasiklini, kikaishinda siprofloksasini ambayo bado tunaiandika katika ordonansi kana kwamba kijidudu hakijapata habari. Iliyobaki yenye nguvu ni seftriaksoni, sindano, na baada yake hatuoni foleni ndefu ya dawa mpya zikisubiri.

Wengi wetu tunaishi kwa safari. Baba yuko kwenye machimbo miezi minne, au yuko barabarani na lori, au amefuata biashara katika mji mwingine. Hatusemi kwamba kila msafiri ni mzinzi. Tunasema kwamba anaporudi, hupokewa kwa kuku na wimbo, hakuna anayemwuliza kitu, na mwaka unaofuata ni mke wake anayeulizwa kwa nini hazai.

Kongo imewahi kulipia ukimya huu kwa vijiji vizima. Katika miaka ya ukoloni, kule Uele na Tshuapa, wanawake wengi kupita kiasi walifikia uzee bila kuzaa hata mtoto mmoja. Wamisionari Boelaert na Hulstaert wa Bamanya waliandika kwa uchungu juu ya kupungua kwa Wamongo. Uchunguzi mkubwa wa wakazi uliofanywa mwaka 1955 hadi 1957, ambao Anatole Romaniuk aliuchambua, uliweka mambo hayo katika tarakimu. Watu walitafuta sababu katika laana, katika hasira ya mababu, katika uchovu wa kazi za kulazimishwa, katika tabia za wanawake. Uonevu wa kampuni za mpira na kuhamishwa kwa nguvu vilikuwa na sehemu yao, kwa kuwa ndivyo vilivyowatawanya watu na kuyasambaza magonjwa. Lakini jibu ambalo waganga walilifikia baadaye lilikuwa wazi: kisonono na magonjwa ya jamii yake yalikuwa yameziba mirija ya kizazi kizima. Wazee waliotupiwa uchawi hawakuwa wachawi, na wanawake waliofukuzwa kwa ugumba walikuwa wamefukuzwa na wale waliowaambukiza.

Familia za Kikristu zinaendelea kufukuza. Ndiyo maana tunawakumbusha ndugu zetu sheria ya Eklezya, kanuni ya 1084, ambayo inasema waziwazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Shangazi anayemwambia mpwa wake atafute «mwingine wa kuzaa naye», na katekista anayenyamaza akimsikia, wote wawili wanaisahau kanuni hiyo. Na kabla ya kuisahau, wangefanya vema kuuliza swali dogo la kiganga: mume amepimwa?

Baadhi ya wenzetu wametuonya kwamba kuyasema haya katika ukurasa wa chama kunafungulia vijana mlango wa uasherati. Tunawaheshimu, lakini hatuwaelewi. Kijana hahitaji ukurasa wetu ili aujue mlango huo. Anachokihitaji ni kujua kwamba usaha uliokauka wenyewe si ugonjwa uliopona, na kwamba aibu ya siku moja mbele ya mwuguzi ni nyepesi kuliko miaka kumi ya ndoa bila mtoto. Wengine wamesema kwamba fundisho letu ni usafi wa moyo na uaminifu, na kwamba hilo latosha. Fundisho hilo ni letu pia, na hatulipunguzi hata nukta. Ila uaminifu unaoanza leo hauondoi klamidia ya jana. Mtu aliyeungama amesamehewa, na bado anamwambukiza mke wake.

Tunakataa vilevile kosa la upande wa pili, ambalo tumesikia likifanywa katika parokia kadhaa: kuwadai wachumba walete karatasi ya maabara na kuiweka mezani kwa padri, kama vile cheti cha ubatizo. Padri si mwenye maabara, na ofisi ya parokia si mahali pa siri za damu. Tunataka wachumba wafundishwe, waende pamoja, wapimwe kwa hiari, waambiane majibu wao wenyewe. Anayemficha mchumba wake kwa hila jambo linaloweza kuharibu maisha yao ya pamoja, na ajue kwamba kanuni ya 1098 inaongea juu ya hila ya namna hiyo. Lakini karatasi ibaki mikononi mwa wenyewe.

Tumeiandikia Ofisi ya Jimbo inayosimamia kazi za afya. Hatukuomba majumba. Tumeomba kwamba katika vituo vyetu vijiti vya kaswende na penisilini ya benzathini visikosekane siku yoyote ya CPN, hata ikibidi michango ya chama chetu ivinunue, na kwamba neno «infeksio» lisiandikwe tena peke yake katika fishi ya mgonjwa: liandikwe lililotafutwa, lililoonekana, na lisiloweza kutafutwa kwa kukosa chombo. Mgonjwa akitibiwa kwa dalili tu, aambiwe hivyo, kwa lugha yake. Tumeomba ijadiliane na hospitali za Serikali zenye GeneXpert juu ya kartushi za klamidia, angalau kwa wanandoa wanaotafuta mtoto na wanawake wenye maumivu ya muda mrefu. Wanawake waliobakwa hatuwaweki katika foleni hiyo. Wao watibiwe mara moja bila kusubiri jibu lolote, na dawa za kuzuia Sida zina saa 72 tu. Mwisho tumeomba kila ordonansi ya mke iwe na mwaliko wa mume, kwenye karatasi yake mwenyewe, ndani ya bahasha iliyofungwa.

Barua yetu haijajibiwa bado. Hatulaumu, ni wiki tatu tu.

Kwa upande wetu, tulifanya kikao cha wababa peke yao, baada ya Misa ya pili. Walikuja kumi na wanane. Tulimwalika mwuguzi mwanamume, mtu mzima, naye aliongea bila kuzunguka. Kwa dakika ishirini hivi hakuna aliyeinua macho. Kisha mzee mmoja, ambaye hatukumtegemea, akauliza kama ugonjwa wa mwaka 1987 unaweza kuwa bado upo, na vicheko vilivyofuata vikafungua vinywa vya wengine. Sita walikwenda kupimwa wiki hiyo. Wawili walikwenda na wake zao.

Mume wa mama yule wa ordonansi tisa alikuwepo. Aliketi karibu na mlango, na alitoka kabla ya sala ya mwisho. Bado hajaenda. Mwuguzi hupatikana siku ya Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni, wakati ambapo kituo hakina watu, na ameahidi kumngojea.